Vikombe vya Mwosha

Mume wangu anaosha maiti katika hospitali kubwa, na mimi nasuka nywele. Nyumba yetu inaishi kwa mikono. Yeye anawaandaa watu kwa safari moja, mimi nawaandaa kwa harusi, kazi na kuringishiana, na jioni mikono yote minne inakutana kwenye sahani moja. Nalisema hili mapema kwa sababu wanawake wa kanisani kwetu, hao waliokataa kupokea mkate kutoka kwa mume wangu, hawakuacha hata mara moja kuleta vichwa vyao kwangu. Walikaa kwenye kiti changu, wakafumba macho, nikapitisha vidole katikati ya nywele zao, na wengine wakasinzia kabisa. Kwa hesabu zao, uchafu wa maiti haupandi kitandani.

Mtaani wanamwita Baridi, kwa sababu ya chumba anachofanyia kazi. Watoto walianza, wazazi wakacheka, jina likakaa. Yeye analiitikia bila kinyongo. "Afadhali Baridi kuliko Moto," huwa anasema. "Moto una wenyewe."

Mambo yalianza na uchaguzi wa wazee wa kanisa. Uchaguzi wetu ni wa siri. Kila mtu anaandika majina kwenye kikaratasi, anakikunja, anakitumbukiza kwenye kikapu. Kura zilipohesabiwa, Baridi alikuwa juu kuliko wote, juu hata ya Mwalimu, mstaafu ambaye amekuwa katibu wa wazee tangu kanisa lina kuta za mabati. Watu wakatazamana kama vile kura zimepigwa na majini. Mimi sikushangaa. Karibu kila nyumba ya ushirika ule ilishapita mikononi mwake. Alishawafumba macho baba zao, alishawachana nywele mama zao, alishamvisha soksi mtoto wa mtu ambaye babake hakuweza kuingia mle ndani. Kwenye karatasi iliyokunjwa watu wana shukrani sana. Shida ni kuikunjua.

Mwalimu alisimama siku hiyohiyo. "Simpingi ndugu yetu," alisema, na ukisikia mtu ameanza hivyo, jua kisu kimeshatoka alani. "Lakini uzee wa kanisa una sifa zake. Ndugu yetu hajapita chuo cha Biblia hata kwa semina. Na sheria ya Musa iko wazi juu ya mtu anayegusa maiti. Si safi mpaka siku zake ziishe."

"Za kwangu zitaisha nikistaafu, Mwalimu," alijibu mume wangu.

Kanisa likacheka, hata Mchungaji akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichompitisha. Sikucheka. Namjua Mwalimu. Ni mtu wa kukuacha ucheke leo ili akukumbushe kesho.

Lazima nieleze utaratibu wetu, maana bila huo hutaelewa hasira yangu. Kwetu, Meza ya Bwana haikuwa ya kujihudumia. Mzee wa kanisa anapita safu kwa safu na sinia. Anachukua kipande cha mkate kwa vidole vyake, anakiweka kwenye kiganja cha mtu, anasema, "Kwa ajili yako." Mtu anafumba mkono, anasema, "Amina." Nyuma yake anafuata mwenzake na kikombe. Kila mzee ana safu zake. Muuza nyama alikuwa na safu za mlangoni, Mwalimu alikuwa na za katikati, na Baridi akapewa za dirishani.

Wiki nzima alijizoeza nyumbani. Alichukua sinia letu la chai, akakatakata mkate wa jana, akawa anapita katikati ya viti visivyo na watu akisema, "Kwa ajili yako, kwa ajili yako." Nilimtania. Nilimuuliza ni hoteli gani imemwajiri, na kama wanatoa na mchuzi. Alicheka, kisha akakaa karibu yangu na sinia lake mapajani.

"Kazini kwangu," alisema, "kila siku naweka vitu kwenye mikono isiyoshika. Rozari, ua, picha ya mjukuu. Naweka, kinaanguka, nakifunga na uzi. Nataka mara moja kwa mwezi niweke kitu kwenye mkono unaofumba."

Hicho tu ndicho alichokitaka. Hakutaka mimbari wala kiti cha mbele, na hakutaka kuitwa mzee. Mimi nilimwelewa, na kuanzia siku ile nikakitaka kwa niaba yake kuliko nilivyowahi kutaka kitu changu mwenyewe.

Jumapili yake ya kwanza alivaa shati nililolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Akanyanyua sinia. Na safu za dirishani zikaanza kuhama. Walihama kistaarabu, maana kanisani watu hawakimbii, wanakumbuka jambo. Mmoja alikumbuka kwamba mtoto wake yuko kwa bibi yake safu ya tatu. Mwingine jua lilianza kumuumiza macho, jua ambalo alikaa nalo mwaka mzima. Mama Mwenyekiti, anayeongoza umoja wetu wa wanawake na ambaye ni mteja wangu wa kudumu, aliinuka akiwa ameshika kitabu cha nyimbo kifuani, akaenda kusimama na waimbaji ingawa sauti yake haijawahi kupatana na wimbo wowote. Ndani ya ubeti mmoja, upande wa dirishani ukabaki na bibi mmoja mzee asiyesikia vizuri, aliyekaa pale kwa ajili ya upepo.

Baridi alipita safu zote. Alitembea mbele ya viti vitupu kwa mwendo uleule aliojizoeza, akafika kwa bibi, akamwekea mkate. Bibi akafumba mkono. "Eeh, asante mwanangu," akasema kwa sauti ya kiziwi, kanisa zima likasikia.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nawaka. Nilimwambia kwamba muuza nyama asubuhi ile alikuwa amechinja, nilimwona kwa macho yangu, damu ilikuwa bado kwenye ukucha, na watu walimpokelea mkate wakilamba na vidole. Nyani haoni kundule. Nilimwambia kwamba yule wanayeimba jina lake aligusa jeneza la kijana wa mjane mbele ya umati mzima, na hakuna aliyemwambia asubiri siku zake ziishe.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi endelea, nakusikiliza. Lakini yule bibi alifumba mkono, uliona?"

Niliona. Na mwezi uliofuata nikaona mkwe wa bibi akimhamisha kwa kumshika kiwiko, bibi akilalamika kwamba huko katikati hakuna hewa.

Mchungaji alikuja nyumbani. Si mtu mbaya, Mchungaji wetu. Ni mtu anayetaka kila mtu ampende, na hilo limeshaharibu kazi nyingi kuliko ubaya. Alikunywa chai yangu, akasifu mapazia, akauliza hali ya binti yetu aliyeolewa mbali, akazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwishowe akatoa kifurushi mfukoni. Ndani mlikuwa na glavu nyeupe za kitambaa.

"Ni wazo tu la wazee," alisema. "Kwa ajili ya washirika dhaifu wa imani."

"Na muuza nyama amepewa rangi gani?" nikauliza.

"Mama," mume wangu akanikataza kwa upole. Kisha akazivaa palepale, akanyoosha vidole, akazitazama mbele na nyuma. "Zinanitosha, Mchungaji. Asante."

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kabla ya glavu, mgeni aliyeingia kanisani asingejua lolote juu ya mume wangu. Baada ya glavu, hata mgeni aligeuka kumuuliza jirani yake kwa nini mzee mmoja tu amevaa kama askari wa gwaride. Jirani akamnong'oneza, na mgeni naye akahama. Halafu mkate ukawa unashikwa na nyuzi. Vipande vilikatika, chembe zikaanguka sakafuni, na Mwalimu akaandika malalamiko kwamba Meza ya Bwana haihudumiwi kwa heshima.

Kila Jumamosi ya kabla ya Meza nilizifua glavu zile kwa mkono. Nilizisugua kana kwamba nina ugomvi nazo, na kwa kweli nilikuwa nao.

Kisha mama yake Mama Mwenyekiti akafa.

Alikuja kwetu asubuhi, mume wangu akiwa anafunga kamba za viatu. Hakupita mbele, alipita uani, akasimama kwenye kamba ya nguo akiwa hajafunga vizuri kilemba chake. Kwa miaka yote alikuwa akimwita Baridi kama watoto wanavyomwita. Siku hiyo alisema, "Baba."

"Pole, mama," mume wangu akamjibu. Alishajua, watu hawapiti uani kwetu kwa jambo jingine.

"Amefia hospitalini alfajiri. Wameshampeleka kwako. Naomba umwoshe wewe mwenyewe, baba. Yule mwenzako nasikia ana haraka." Alilia kidogo, akajifuta na kilemba. "Na alikuwa haogi maji ya baridi. Hata wakati wa joto. Nisamehe, najua ni upuuzi."

"Si upuuzi," alisema. "Bomba la kule kweli lina maji ya baridi. Nitapasha."

Akaingia jikoni kwangu, akachukua birika letu la umeme, akalitia kwenye mfuko, akaenda nalo kazini. Alirudi nalo jioni. Nilitaka kumuuliza birika liligusa nini huko, nikashindwa, nikalisugua mara mbili kabla ya kuchemshia chai. Na mimi nina ngozi kama watu wengine. Lakini chai niliinywa.

Aliniambia alivyomfanyia, kwa sababu nilimuuliza. Alimwosha kwa kikombe, kidogo kidogo, kama mtu anavyomwogesha mtoto anayeogopa maji. Alimkata kucha. Alizisuka nywele zake chache zilizobaki, kwa mistari niliyomfundisha mimi. Alipomaliza akamwambia, "Haya, mama, umependeza," kama anavyowaambia wote. Nilipomuuliza kama hachoki kuongea na watu wasiojibu, akasema, "Mwosha huoshwa. Na mimi siku yangu nitapenda kuongeleshwa."

Kwenye mazishi, Mama Mwenyekiti alishukuru. Alishukuru madaktari, waimbaji, waliopika, dereva wa gari, mpaka aliyeazima viti. Nilisimama nyuma na mume wangu, nikisubiri. Alipofika kwenye viti nilimshika mume wangu mkono. Alipofika kwenye "na wote ambao sikuwataja," mume wangu aliupapasa mkono wangu kama mimi ndiye niliyefiwa.

Basi Jumapili ya Meza iliyofuata nilipomwona Mama Mwenyekiti ameketi dirishani, kwenye kiti chake cha zamani, peke yake, nilifurahi. Nilijiambia, nimemhukumu bure, alikuwa anasubiri mahali panapostahili. Shukrani yake ataisema kwa mkono. Na akifumba mkono yeye, wanawake wote watarudi dirishani, maana ndivyo tulivyo, tunakaa anapokaa mwenyekiti.

Baridi naye alimwona. Nilijua kwa jinsi hatua zake zilivyopungua kasi. Alifika, akachukua kipande, akakinyoosha. "Kwa ajili yako."

Mama Mwenyekiti aliitazama ile glavu. Akaiingiza mikono yake yote miwili kwapani, akatikisa kichwa.

Kwetu mkate ukishatoka kwenye sinia haurudishwi. Mume wangu alibaki ameushika, na kanisa zima likitazama huku likijifanya linaomba. Mwishowe akaula mwenyewe. Akafika mwisho wa safu, akageuka, akarudi mezani. Na kabla hajatua sinia, Mama Mwenyekiti alikuwa ameshainuka kwenda katikati, akampa Mwalimu kiganja chake.

Asante ya punda ni mateke, nilijua hilo tangu shuleni. Sikujua tu kwamba unaweza kupigwa teke ukiwa umekaa mbali, kwenye benchi la nyuma, na likaumiza hivyo.

Wiki hiyohiyo alikuja kusukwa. Nilimkalisha. Nilichukua kitana na kumgawa nywele bila salamu.

"Dada, najua umenikasirikia," alisema, akiniangalia kwenye kioo.

"Kaa kichwa wima."

"Nilitaka kupokea. Mungu ni shahidi, nilikaa pale makusudi nipokee. Lakini ule mkono ulipokuja nikamwona mama amelala. Nikaona kama nami naandaliwa kuzikwa."

"Alimwosha kwa maji ya moto."

"Najua," akasema. Machozi yalikuwa yanashuka hadi kwenye kitambaa nilichomfunga shingoni. "Ndiyo maana. Angekuwa hajamgusa mama yangu, labda ningeweza."

Nilimwamini, na kumwamini hakukunipunguzia hasira hata punje. Hofu yao niliielewa. Kila mtu anaogopa kufa, hata mimi. Lakini walikuwa wanamtwisha yeye kifo chao wote, akibebe peke yake kwenye ile korido ya dirishani, ili wao wabaki wazima. Nilitaka kumvuta nywele. Badala yake nilimsuka vizuri kuliko siku zote, mistari iliyonyooka, na hakuna aliyejua ni hasira.

Kabla hajaondoka alisema amepata wazo litakalomaliza aibu kwa kila mtu.

Wazo lenyewe lilikuwa vikombe. Vikombe vidogo vya kioo, kimoja kwa kila mshirika, vimepangwa mezani, na mkate umekatwa kwenye sahani yenye koleo. Kila mtu anakwenda, anajichukulia, anarudi. Umoja wa wanawake ulivinunua. Mchungaji akatangaza kwamba ni kwa ajili ya afya, dunia imebadilika, magonjwa ni mengi. "Hakuna mzee aliyeondolewa," alisisitiza. "Wote wamepumzishwa." Mwalimu alinuna, muuza nyama akanuna. Ili wamtoe mtu mmoja, walibomoa nyumba nzima, halafu wakaita ukarabati.

Nilidhani mume wangu ataumia, na aliumia. Alizikunja glavu, akaziweka kwenye droo ya soksi. Nilimwomba tuhamie kanisa lingine, yapo mengi, barabara hii tu yapo manne. Alisema, "Na huko nikiulizwa kazi yangu nidanganye?"

Kisha akaenda kwa Mchungaji kuomba kazi ambayo hakuna aliyeifikiria: nani ataviosha vikombe?

Mchungaji alimkubalia, kwa sharti. Afanyie kwenye kile chumba cha nyuma ya madhabahu, mlango umefungwa, na asimwambie mtu. "Kwa ajili ya amani," alisema. Mume wangu alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi. Ilinichukiza, ile furaha. Kwa nini mtu ashukuru kwa kufichwa?

Jumamosi moja ya kabla ya Meza nilimsindikiza. Chumba ni kidogo, kina karo la kuoshea vyombo, bomba moja linalolia ukilifungua, na rafu ya majoho ya waimbaji. Alikunja mikono ya shati. Aliosha kikombe kimoja kimoja, akakisuuza, akakinyanyua kwenye mwanga wa kidirisha, na kabla ya kukiweka kwenye kitambaa alitaja mtu. Jina, na jambo moja. Huyu mguu wake. Huyu mwanawe asiyepiga simu. Alianza na wale wa safu za dirishani, kwa mpangilio waliokuwa wakikaa zamani, akaja kwa bibi kiziwi, akamwombea hewa.

"Na Mwalimu?" nikauliza kwa kebehi.

"Mwalimu nimemwekea viwili. Ana kifua."

Nilicheka, sikutaka kucheka. Kesho yake nilikaa benchi la nyuma nikawatazama wakienda mezani. Mmoja baada ya mwingine walikiinua kikombe, wakakigusisha midomo, wakafumba macho. Walikunywa wote. Mama Mwenyekiti alikinyonya chake hadi tone la mwisho. Nusu nicheke, nusu nilie, nikajifanya nakohoa.

Kisha ukaja mkutano wa wanawake, na ndipo Mama Mwenyekiti alipouliza.

"Hivi vikombe jamani nani anaviosha? Mbona vinang'aa hivi? Nimekaa nikaona aibu, mwenyekiti mzima sijui. Vya nyumbani kwangu havijawahi kung'aa hivyo."

Wakatazamana. Mmoja akasema labda ni mke wa Mchungaji, mke wa Mchungaji akasema hapana. Neno lilinifika ulimini. Nilikuwa nalo tayari, la moto, fupi, jina lake tu: Baridi. Niliwaona kabla sijalisema jinsi midomo yote ile ingekumbuka. Mikono ingepanda kinywani, mwingine angetoka nje kutema. Ningefurahi! Kwa miezi yote ile sikuwa nimetamani kitu kama kuziona sura zile. Ningefurahi wiki nzima. Na Jumamosi mume wangu angekaa nyumbani, mikono mapajani, hana hata kikombe.

"Mimi," nikasema.

Vigelegele vikapigwa. Mama Mwenyekiti akanikumbatia. "Nilijua! Mikono ya msusi!"

Nilimwambia mume wangu jioni ile, nikiwa nimejiandaa kwa lawama. Alitua kijiko, akafikiri. "Umefanya vizuri," alisema. "Sasa hawatauliza tena." Kisha akaendelea kula, kwa hamu kabisa.

Jumapili ya Meza iliyofuata waliniita mbele. Sikuwa nimeambiwa. Mama Mwenyekiti alishika mikono yangu yote miwili, akaiinua juu kanisa liione, na akaomba. Aliomba Mungu aibariki mikono ile isiyotafuta sifa, mikono inayohudumu sirini wakati wengine wanataka kuonekana. Na alipofika hapo, nina hakika alimfikiria mume wangu, kwa sababu Mwalimu aliitikia "Amina" kwa nguvu. Kisha Mama Mwenyekiti akanikabidhi zawadi kwenye karatasi ya maua, akaniambia niifungue palepale. Zilikuwa glavu. Za mpira, za kuoshea vyombo, ndefu hadi kwenye viwiko.

"Mikono yako ni mali yetu sote," alisema. "Isije ikaharibika kwa sabuni."

Kanisa lilicheka kwa upendo, likapiga makofi. Nilitazama dirishani. Alikuwa amesimama peke yake kwenye ile safu, shati langu la pasi mwilini, anapiga makofi kuliko wote. Hakuwa anaigiza. Namjua mume wangu, alikuwa ananifurahia. Makofi yake niliyasikia mbali na ya wengine, mazito, ya viganja vikavu vilivyoshinda kwenye dawa. Hapo nilimchukia Mungu kidogo, nasema ukweli, na sijamaliza kumwambia.

Ibada ilipokwisha waliniweka mlangoni, watu wakapanga mstari kunipa mkono. Muuza nyama, Mwalimu, mkwe wa bibi na bibi mwenyewe. Mkono baada ya mkono, joto baada ya joto, kila mmoja ukifumba juu ya wangu na kuminya. Nilifikiri, hivi ndivyo ilivyo basi. Hiki ndicho alichokuwa anakitaka.

Yeye hakuwepo kwenye mstari. Alikuwa na zamu mchana ule na Jumamosi zote za mwezi, kwa hiyo aliamua kuviosha vikombe siku ileile. Nikasikia bomba la chumba cha nyuma likianza kulia.

Mama Mwenyekiti, aliyesimama karibu yangu, aliinua kichwa. "Kuna mtu huko ndani?"

"Hakuna mtu," nikasema. "Bomba hilo halifungi vizuri."

"Basi kalifunge, dada yangu, maji yasipotee."

Nilikwenda, na glavu zangu za mpira kwapani. Nilipita mbele ya madhabahu, nikaingia kile chumba. Alikuwa amenipa mgongo, mikono ya shati imekunjwa, kikombe kimeinuliwa kwenye mwanga, na nikamsikia anamtaja mama yake Mama Mwenyekiti kwa jina lake, kisha anamtaja Mama Mwenyekiti mwenyewe, ili apate usingizi. Bomba nililiacha. Nilifunga mlango.